Kinacholia darini mchana si panya: jibu kwa msomaji wa Muheza

Swali: "Shikamoo, mtaalamu. Tulihamia nyumba yetu hapa Muheza miaka minne iliyopita. Ni ya bati, na dari ni ya jipsamu. Tangu mwaka jana hatuna amani. Mchana jua likiwaka nasikia milio kama ya vifaranga, na magharibi panakuwa na mkwaruzo upande wa kibarazani. Usiku wa manane tena kuna kitu kinakimbia juu ya chumba cha watoto. Dari imepiga madoa ya kahawia na kuna harufu kali inayochoma pua. Nimenunua sumu ya panya kwa machinga mara tatu, kijana wangu akaimwaga juu. Tuliokota panya mmoja nyuma ya friji, lakini kelele ziko palepale. Mwezi huu wa tano nimegundua pia kwamba stoo kuna unga unadondoka kutoka kwenye mbao. Fundi ananiambia tuzibe matundu yote kwa simenti siku moja, mambo yaishe. Nifanyeje?"

Marahaba, dada. Kabla ya yote, mzuie huyo fundi asipande na simenti yake. Na kama sumu ile bado ipo ndani ya nyumba, iondoe leo hii, nitakueleza kwa nini huko mbele.

Kwa ulivyoeleza, darini kwako kuna wapangaji wa aina tatu, na kila mmoja ana namna yake ya kuondolewa. Wanaolia mchana ni popo. Anayekimbia usiku wa manane ni panya. Unga wa stoo ni kazi ya wadudu wanaokula mbao. Sumu uliyomwaga imemfikia panya peke yake, tena mmoja tu. Simenti ya fundi ingewafungia wote ndani wafie humo, juu ya vitanda vya watoto wako.

Nimejuaje kwamba ni popo bila kufika Muheza? Saa ndiyo iliyonipa jibu. Panya mchana hujificha na kutulia. Shughuli zake huanza taa zikizimwa, na utamsikia akikimbia kwa mwendo ulionyooka, halafu akisimama na kuguguna kitu. Popo naye hulala mchana, lakini bati likipata moto hatulii. Wanasogea, wanagombania sehemu yenye hewa, na wanapiga hiyo milio unayoifananisha na vifaranga. Popo wadogo wanaopenda mapaa yetu ya bati, wale ambao mkia wao umechomoza nje ya ngozi inayounganisha miguu, wanaweza kuvumilia joto la zaidi ya nyuzi 40. Mmoja ana uzito wa kati ya gramu 10 na 30 hivi, na anajipenyeza kwenye ufa ambao wewe ungeshindwa kuingiza kidole gumba. Jua likizama wanajikusanya karibu na mlango wao kabla ya kuruka. Huo ndio mkwaruzo wa magharibi unaousikia kibarazani.

Usinichukulie kwa neno tu, hakikisha mwenyewe. Vaa glovu, okota vinyesi vikavu pale kibarazani chini ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, viweke kwenye karatasi nyeupe na uviponde kwa kijiti. Kinyesi cha popo husagika mara moja kikawa unga, na ndani yake utaona chembe zinazometameta. Hizo ni mabaki ya mbawa na maganda ya wadudu aliowala. Kinyesi cha panya hakisagiki hivyo. Kikiwa kibichi hujipaka kama udongo, kikiwa kikavu kinakuwa kigumu. Cha panya wa paa kina urefu wa sentimita moja na kidogo, kimechongoka ncha na kupinda. Cha panya mdogo wa nyumbani ni kama punje ya mchele. Ukikuta kinyesi cheusi chenye ncha nyeupe kama chokaa, huyo ni mjusi. Mwache aendelee kula mbu.

Jioni, kaa nje. Hii ndiyo kazi ninayoithamini kuliko dawa yoyote, na ndiyo ambayo watu hawaifanyi. Weka mtu kila upande wa nyumba kuanzia saa kumi na mbili na robo hadi saa moja na robo, taa za nje zikiwa zimezimwa, na kila mmoja ahesabu wanaotoka upande wake. Popo hawatoki ovyo. Wana mlango mmoja, miwili, mara chache zaidi, na hutoka wakifuatana kama maji yanavyochirizika. Kesho yake asubuhi tazama pale walipotokea, utaona bati, ukuta au fisha bodi imepakaa uchafu mweusi wenye mafuta kutokana na miili yao kusugua mahali hapohapo kila siku. Rudieni jioni mbili. Weka alama kwa chaki chini ya kila mlango.

Sasa nikueleze kwa nini nimekuwa mkali kuhusu simenti. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii niliitwa kwenye nyumba moja ya bati, mwenye nyumba ana haraka, na mimi nikaziba matundu yote saa sita mchana. Popo wote walikuwa ndani. Siku ya kwanza walilia mpaka majirani wakasikia. Siku ya pili wakaanza kushukia vyumbani kupitia matundu ya taa, na familia ililala kwa jirani. Siku ya nne ikaanza harufu, nzi wakafuata, na mwisho tulibomoa dari ya vyumba viwili. Sitaki yakukute hayo. Popo aliyefungiwa hutafuta upenyo wowote, na upenyo uliobaki huwa unaelekea chumbani.

Na wewe una sababu nyingine ya kusubiri. Umeniandikia mwezi wa tano, masika bado haijaisha. Popo hawa huzaa zaidi nyakati za mvua, kwa sababu ndipo wadudu wanapokuwa wengi, na kila jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja. Watoto hawana manyoya, hawawezi kuruka, na huachwa darini usiku mama zao wakienda kuwinda. Ukiwazuia mama kurudi leo, watoto watafia juu ya jipsamu yako. Kwa hiyo kazi ya kuwatoa popo ifanye kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, kabla ya vuli kuanza Oktoba. Hata hapo, usiku mmoja baada ya wakubwa kutoka, sikiliza darini. Ukisikia milio membamba inayoendelea, subiri tena wiki kadhaa.

Katika kusubiri huko kuna kazi moja ya haraka: tenganisha dari na vyumba. Ziba kila tundu linalotoka darini kwenda chumbani, yaani pembeni mwa taa, mahali nyaya zinaposhuka, na kingo za mfuniko wa kupandia. Hilo halimfungii mtu mlango wake wa nje, ila linawalinda watoto. Popo akiingia chumbani hata hivyo, msimpige wala msimshike kwa mkono mtupu. Toeni watoto, fungeni mlango wa ndani, fungueni madirisha, zimeni taa, atatoka. Akiwa amelala sakafuni, mfunike kwa boksi, pitisha karatasi ngumu chini yake, mtoe nje umweke juu ya ukuta, kwa sababu popo wa aina hii hawezi kuruka vizuri kutoka chini. Akimng'ata mtu, au akimkwaruza, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na mwende hospitali siku hiyohiyo mkaeleze kwamba ni popo. Popo wanaweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili haurudi nyuma.

Utasikia pia maneno ya Ebola, kwa hiyo nikupe ukweli wake. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kupata nchini Sierra Leone kirusi cha jamii ya Ebola kiitwacho Bombali, ndani ya popo wa aina hizi wanaokaa kwenye mapaa, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba kimeonekana pia kwa popo wa Taita Hills, Kenya. Hakijajulikana kumuuguza mtu yeyote. Ni sababu ya kutowashika na kutowala, wala si sababu ya kuchoma nyumba moto. Hawa ni wanyama wanaokula wadudu usiku kucha, wakiwemo wanaoshambulia mahindi yako. Nataka watoke kwako wakiwa hai.

Namna ya kuwatoa ni hii. Kwanza ziba matundu yote ambayo popo hawayatumii, ukibakiza milango uliyoipiga chaki. Yale mawimbi ya bati yanayoacha uwazi juu ya ukuta, yajaze kwa mchanga na simenti. Matundu ya hewa usiyazibe kabisa, yawekee wavu wa chuma wenye vijumba visivyozidi milimita 6, kwa maana dari isiyopumua hutunza unyevu na kuoza mbao. Chunguza na kofia ya paa kule juu kabisa, mafundi wengi huisahau. Halafu, kwenye kila mlango uliobaki, ning'iniza wavu laini wa plastiki wa vijumba vidogo. Ukaze juu ya tundu na ubavuni, chini uache wazi, na ushuke kama nusu mita au zaidi kupita tundu. Usiukaze ukagandamana na ukuta. Popo akitoka atatambaa chini ya wavu, atajidondosha na kuruka. Akirudi alfajiri ataliendea tundu lake kwa harufu, atakutana na wavu, na hatafikiria kuzunguka chini. Acha hivyo usiku 5 hadi 7. Jioni ya mwisho kaa tena nje, na kama hakuna anayetoka, siku inayofuata toa wavu na uzibe kwa simenti. Hapo fundi wako aje, na simenti yake itakuwa na kazi ya halali.

Waarifu majirani wa karibu mapema. Popo wakikosa kwako watatafuta pengine, na ufa ulio wazi kwa jirani ndio wa kwanza kuonekana. Si vema mtu aamke akute ametumiwa mzigo.

Watu watakushauri moshi wa pilipili, vidonge vya naftalini, taa iwake darini usiku kucha, au kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachodaiwa kutoa sauti isiyosikika na binadamu. Moshi juu ya mbao kavu ni kuita moto. Naftalini ili iwasumbue popo lazima iwe nyingi kiasi cha kuwasumbua na watoto wako wanaolala chini yake. Kuhusu vifaa vya sauti, mwaka 2001 tume ya Marekani inayosimamia haki katika biashara iliwaandikia barua watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 ikiwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Bado vinauzwa. Fedha hiyo nunulia wavu.

Sumu je? Popo hali chambo. Hula wadudu anaowakamata angani, kwa hiyo unga uliomwagwa juu ya jipsamu hauhusiani naye kabisa. Ndiyo maana miezi yote hiyo kelele hazikupungua.

Wakishatoka, kuna suala la mavi yao, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Kwenye malundo ya kinyesi cha popo huweza kuota kuvu ambaye vumbi lake likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu uitwao histoplasmosisi. Kikohozi chake, homa yake na hata picha ya kifua huweza kufanana na kifua kikuu, kwa hiyo ukimpeleka mgonjwa hospitali na hukusema habari za popo, daktari anaweza kufikiria TB kwanza. Mtu mwenye kinga dhaifu, mwenye pumu, mjamzito au mtoto asipande. Anayepanda avae barakoa ya N95, si ile ya kitambaa, pamoja na glovu, miwani ya kazi na nguo za mikono mirefu. Apande asubuhi kabla bati halijapata moto, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu, na mtu mwingine awe chini. Akanyage mbao tu, jipsamu haibebi mtu. Asifagie pakavu. Anyunyize maji yenye klorini kidogo mpaka kinyesi kilowe bila kuchuruzika, akizoe kwa sepeto la mkono, akitie kwenye mifuko miwili miwili. Kipande cha jipsamu kilichopiga doa na kulegea kibadilishwe. Kukipaka rangi hakutoi harufu, na ipo siku kitaanguka.

Tuje kwa panya. Yeye huna sababu ya kumsubiri Juni, mwanze wiki hii.

Anayekimbia darini kwa kawaida ni panya wa paa: mwembamba, masikio makubwa, mkia mrefu kuliko mwili na kichwa vikiunganishwa. Ni mpandaji hodari. Anafika kwako kwa tawi la mwembe lililolalia bati, kwa waya wa umeme, au kwa mnazi ulio karibu na ukuta. Kata matawi yote mpaka yawe mbali na paa kama mita mbili. Mnazi uvishe mshipi wa bati laini kuzunguka shina, kucha zake zitateleza. Tafuta matundu: panya huyu hupita kwenye tundu la milimita 12 au 13, na panya mdogo wa nyumbani hutosheka na milimita 6, yaani pale penseli inapoingia na mtoto wake anaingia. Matundu yake ya ukutani yashindilie stilwaya ya kusugulia masufuria kisha upige simenti juu. Simenti bichi peke yake ataiguguna, na povu la kuzibia analitafuna kama mkate. Ila milango ile ya chaki, ya popo, usiiguse mpaka wakati wake ufike.

Ukitaka kujua njia anazopita, nyunyiza majivu laini juu ya mbao, karibu na mfuniko na kwenye pembe. Asubuhi utaona nyayo: vidole vinne mbele, vitano nyuma, na mara nyingine mstari wa mkia katikati. Hapo ndipo pa kutega. Tumia mitego ya kubana, na usitege mmoja. Tega kumi kwa mpigo. Panya wa paa ana woga wa kitu kigeni, hivyo siku tatu nne za mwanzo weka mitego yenye chakula bila kuitega, azoee kula bila kudhurika, halafu usiku mmoja itege yote. Utakamata wengi kwa usiku huo kuliko kwa mwezi wa mtego mmoja mmoja. Chambo kizuri ni dagaa wa kukaanga, karanga iliyosagwa au kipande cha nazi kilichochomwa, na kifunge kwa uzi ili asikichomoe. Mtego ukae kwa kuukingama ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hutembea akiwa amejisugua ukutani.

Mitego ya gundi siipendi. Panya hubaki akihangaika humo saa nyingi, anajikojolea, na mkojo ndio hasa tunaoukimbia. Mnakumbuka mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walipougua na kutoka damu puani, na serikali ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda? Ule ni ugonjwa wa leptospira, na mkojo wa panya ni moja ya njia zake kubwa. Kwa hiyo vaa glovu ukimtoa panya mtegoni, mzike, na lifunike tangi lako la maji ya mvua vizuri, maana panya hutembea juu ya bati na kwenye mifereji inayojaza tangi hilo.

Sasa ile sumu ya machinga. Pakiti isiyo na jina la kiambato, isiyo na namba ya usajili, isiyo na maelezo ya nini kifanyike mtoto akiilamba, haina nafasi ndani ya nyumba yenye watoto. Daktari hawezi kutibu vizuri kitu asichokijua. Viuatilifu Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na ukinunua kwenye duka la pembejeo lenye leseni utaona usajili huo kwenye lebo. Sumu nyingi za panya zilizosajiliwa ni zile za kuzuia damu kuganda, kama zenye bromadioloni. Panya hafi papo hapo, hufa baada ya siku kadhaa, na popote anapofia ndipo harufu itakapokaa wiki moja au mbili, mara nyingi juu ya jipsamu pasipofikika. Bundi akimla panya huyo naye anadhurika. Najua bundi ana jina baya kwetu, akilia juu ya paa watu wanaulizana nani mgonjwa, lakini familia moja ya bundi hula panya wengi kuliko mitego yako yote. Kama italazimika kutumia sumu, iwe ndani ya visanduku maalumu vinavyofungwa, nje ya nyumba, si darini.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu panya, na nalisema kwa sababu uko mkoa wa Tanga. Lushoto, si mbali na kwako, tauni iliibuka mwaka 1980 na ikawa inajirudia kwa zaidi ya miongo miwili. Tauni hubebwa na viroboto vya panya. Panya wakifa, viroboto huhama kutafuta damu nyingine. Basi ukiona panya kadhaa wamekufa wenyewe, na wewe hukutega wala hukuweka sumu, usiwaguse. Toa taarifa kituo cha afya siku hiyohiyo. Na hii ni sababu yangu nyingine ya kukataza sumu ya kumwaga kiholela. Inatunyima dalili hiyo, maana kila panya mfu tutasema ni sumu.

Kabla hujafunga habari ya panya, mwite fundi umeme akague nyaya za darini. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, kwa hiyo lazima agugune, na plastiki ya waya anaiona sawa na kijiti. Waya uliovuliwa ngozi juu ya mbao kavu hauhitaji maelezo.

Unga wa stoo ni habari tulivu zaidi, una muda. Tandika kitambaa cheusi chini yake kwa wiki moja, kisha uupapase kwa vidole. Ukiwa laini kama wanga, na mbao ina matundu madogo ya duara ya milimita 1 au 2, huyo ni bungua. Ukiwa na chembechembe ngumu kama mchanga au ufuta, zinazobingirika, ni mchwa wa mbao kavu, ambao ni wa kawaida sana ukanda wa pwani. Ukizitazama chembe zake kwa kioo cha kukuzia zina pande sita. Huyu hahitaji udongo wala unyevu, anaishi ndani ya mbao yenyewe. Yule mchwa mwingine wa ardhini hana unga, yeye utaona njia zake za udongo zikipanda ukutani, na dawa yake inaanzia kwenye msingi, siyo darini.

Kama kitambaa kimebaki safi wiki nzima, yawezekana unga huo ni wa zamani, wadudu walishaondoka. Kama umejaa, chukua bisibisi uchome mbao kila baada ya shubiri moja. Pale inapozama bila nguvu, mbao hiyo imekwisha. Ikiwa ni papi moja au mbili za stoo, zitoe, zichome moto mbali na nyumba, weka nyingine zilizotiwa dawa kiwandani. Ikiwa ni kenchi inayobeba paa, usiguse mpaka fundi seremala aliyekomaa aione. Mbao nzima zilizobaki zipakwe dawa ya chumvi za boroni kwa brashi mara mbili, na matundu yadungwe dawa kwa bomba la sindano. Oili chafu ya gari ambayo wengi huipaka hubaki juu juu, haimfikii mdudu aliye ndani, na inaongeza chakula cha moto darini.

Hujaniambia habari za nyuki, kwa hiyo neno moja tu: wakiingia, usipige dawa wala moshi, mwite mrina asali aje usiku na mzinga. Nyigu wa tope wanaofinyanga vijumba ukutani ni wapole, waache. Na ukisikia siku moja darini kishindo kizito kuliko cha panya, na kilio kama cha mtoto mchanga huko nje kwenye miti, huyo ni komba. Akikosa tawi la kupandia atabaki mtini.

Kwa sasa, wiki hii: kata matawi, tandaza majivu, nunua mitego kumi, ziba matundu ya taa vyumbani, tandika kitambaa stoo. Jioni mbili kaeni nje muhesabu popo. Kisha niandikie idadi mliyoipata, pande wanazotokea na urefu wa kila ufa, ili nikupigie hesabu ya wavu kabla ya mwisho wa Juni.